Mtaro si mfumo mzima wa kuondoa maji barabarani

Kila masika yanapoanza huko Ruvuma, tipa hukwama kwenye barabara za ndani ya migodi ya makaa ya mawe, na maelezo huwa yaleyale: mfumo wa kuondoa maji upo, mitaro imechimbwa, ila mvua imezidi. Nimeyasikia kwa mafundi, nimeyasikia kwa wasimamizi, nimeyasoma hata kwenye ripoti za ukaguzi. Mtaro unapewa sifa ya mfumo mzima. Kosa hilo linakula matairi na dizeli, na siku mbaya linaweza kuondoka na dereva.

Maana yenyewe ni fupi. Mfumo wa kuondoa maji kwenye barabara ya kusombea makaa ni kila kinachoyaongoza maji ya mvua tangu yanapogusa uso wa barabara hadi yanapotulia bwawani: umbo la uso wenyewe, mtaro, kalavati (njia ya kupitishia maji chini ya barabara), kisha bwawa. Na barabara ya kusombea ni ile ya kutoka shimoni hadi kwenye lundo la makaa au mashine ya kusaga. Siyo ile ambayo malori hupita kwenda bandari ya Mtwara. Hiyo ni barabara ya umma, yenye mizani na kikomo cha tani 56 kwa gari zima kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sasa tuje kwenye ninachotaka kusema. Mtaro ni hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni mgongo wa barabara, yaani katikati kuinuka kuliko pembeni, au kwenye barabara iliyokatwa ubavuni mwa kilima, uso wote kuinamia upande wa kilima ili gari likiteleza lisielekee korongoni. Mtaro hauna uwezo wa kuvuta maji. Unapokea yanayoletwa, basi. Yasipoletwa, hauna kazi.

Tufanye hesabu. Tipa ya kawaida ina upana wa mita 2.5. Kanuni iliyozoeleka migodini ni kwamba barabara ya kupishana magari mawili iwe na upana wa mara tatu na nusu ya gari pana kuliko yote, kwa hiyo tuseme mita 9. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 4.5. Mwinamo unaotakiwa ni kati ya asilimia 2 na 4, yaani kushuka sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita. Ukichukua 3, katikati inapaswa kuwa juu ya ukingo kwa sentimita 13 na nusu. Kwa mtu aliyesimama barabarani hizo sentimita hazionekani kabisa, na ndiyo maana zinapotea bila mtu kushtuka.

Zinapoteaje? Tipa zenye mzigo hupita njia moja, tairi juu ya alama ya tairi iliyotangulia, mchana na usiku. Uso unazama na kuacha mfuo. Chukua mfuo wa upana wa sentimita 60. Ndani ya upana huo, mwinamo wa asilimia 3 unashuka chini ya sentimita 2 tu. Kwa hiyo mfuo ukizama sentimita 3, maji yaliyoingia humo hayana pa kutokea. Yatakaa yakilainisha tabaka la chini, tairi inayofuata itayakandamiza na kuyatoa pamoja na udongo laini, shimo litakua. Wakati huo mtaro uko pale pembeni, safi, umejengewa mawe, mkavu kabisa. Mkaguzi anapita na kuupa alama nzuri.

Kwenye mlima mambo ni magumu zaidi. Barabara ikipanda kwa asilimia 8 na mgongo wake ni asilimia 3, maji hayaendi moja kwa moja pembeni. Yanafuata mteremko mkali kuliko mwingine. Tone lililoanguka katikati litashuka na barabara mita 12 kabla ya kufika ukingoni, na safari yake juu ya uso itakuwa karibu mita 13 badala ya 4.5. Njiani linakutana na mfuo wa tairi, linahama, halifiki ukingoni kamwe. Barabara yenyewe imegeuka mfereji, na maji yote yanashukia bondeni, mahali ambapo dereva anahitaji breki.

Halafu kuna greda. Naomba hapa tuelewane vizuri, maana greda ndiyo inayotegemewa kurudisha mgongo, na hiyohiyo huufunga. Ikishasawazisha, huacha ukingoni kituta cha udongo kilichomwagika pembeni ya kisu, pengine kimo cha kifundo cha mguu. Opereta akiondoka bila kukisambaza au kukiondoa, kituta hicho kinazuia maji yote yasifike mtaroni. Nimewahi kusimama juu ya kituta cha namna hiyo mvua ikinyesha: kushoto barabara ikielea, kulia mtaro mtupu, na kati yake udongo ambao mtu angeweza kuukata kwa jembe la mkono.

Tuta la usalama nalo lina tabia hiyohiyo, ila lenyewe haliondolewi. Ukingo wenye korongo lazima uwe na tuta lisilopungua nusu ya kimo cha tairi ya gari kubwa linalopita. Kwa tipa ya kawaida ni kama sentimita 55. Watu wakiliona linazuia maji hulibomoa, na hilo ni hatari kuliko tope. Linachotaka ni kukatwa mapengo kila baada ya umbali fulani, membamba kiasi kwamba gari haliwezi kupenya, na chini ya kila pengo pawekwe mawe ili maji yasile bega la barabara.

Jambo jingine linalosahaulika ni kile barabara ilichojengewa. Makaa ya Ngaka, kule Mbinga, yamo kwenye miamba ya Karoo, miamba ya mashapo ya kale, ya bonde la Ruhuhu, ambako mawe ya mchanga yamepangana na mawe ya udongo. Jiwe la udongo linatoka shimoni gumu, unaligonga linalia. Lilowe na kukauka mara chache, linavunjika na kurudi kuwa udongo. Kwa kuwa kifusi chake ni cha bure na kiko karibu, kinamwagwa barabarani. Kifusi cheusi chenye mabaki ya makaa ni kibaya zaidi: kinaweza kujipasha moto chenyewe, na kikiwa na pairaiti (madini ya chuma na salfa), maji na hewa huifanya itoe tindikali inayoshuka mpaka mtoni. Hapo huwezi kulaumu mtaro wala kuusifu. Uso unataka jiwe gumu lililosagwa, likashindiliwa.

Kalavati sitalichambua sana. Liwe pana, lizibuliwe kabla ya mvua, mdomo wa kutokea uwe na mawe. Bwawa la kutulizia maji ni la lazima, kwa sababu maji ya barabara ya makaa yana vumbi jeusi na hayafai kuachiwa mto wa watu.

Anayedhani haya ni mambo madogo apime mafuta. Kila asilimia moja ya ukinzani wa barabara, yaani jinsi uso unavyolizuia gurudumu kuzunguka, ni sawa na kulipandisha gari mlima wa asilimia moja zaidi, yaani kama kilo 10 za nguvu ya kuvuta kwa kila tani. Tipa yenye uzito wa jumla wa tani 40 inadai kilo 400 za nyongeza kwa kila asilimia. Barabara iliyotunzwa ina ukinzani wa asilimia 2 hivi. Yenye tope huweza kufika 8 na kupita.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaojaza fomu za ukaguzi, nawaomba kitu kimoja. Msiandike "mfumo wa maji: mzuri" kwa sababu mmeuona mtaro. Andikeni uso peke yake, na mtaro, kalavati na bwawa kila kimoja kwa mstari wake. Kwa uso, fungeni kamba katikati ya barabara usawa wa ardhi, ivuteni hadi ukingoni ikiwa imelala sawa kwa pimamaji, kisha pimeni kutoka kwenye kamba hadi chini. Kwenye barabara ya mita 9, mkipata sentimita 5 badala ya 13, muiteni greda kabla hamjamuita mchimba mtaro.