Kwa nini ramani yangu ya Newala haikuanza na miti

Anayeiona ramani ya ikolojia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ardhi imegawanywa kwa kuangalia miti. Kwa Mtwara na Lindi njia hiyo hupotosha mapema, kwani miti ndiyo inayobadilishwa kwanza na moto, shoka na bei ya korosho. Kwa hiyo mimi huanza na umbo la nchi, kisha udongo na maji, na uoto huuweka mwishoni.

Uwanda wa Makonde hupanda polepole kutoka pwani kuelekea magharibi, na ukifika Newala hukatika ghafla kwa mteremko mkali unaotazama bonde la Ruvuma. Juu, mvua huzama ardhini kabla haijapata kutiririka, hivyo mito ni nadra na chemchemi hutokea chini ya mteremko. Ndiyo maana kina mama wa huko waliteremka na kupanda na mitungi kichwani vizazi kwa vizazi. Uwanda, mteremko na bonde ni sehemu tatu tofauti hata kama zote zingefyekwa leo.

Mpangilio huu wa udongo kufuata mteremko ulielezwa hapa hapa kwetu: katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliuita katena, yaani mnyororo. Mkononi hujidhihirisha upesi. Udongo wa kichanga wa Tandahimba, juu uwandani, ukiuloweka na kuuviringisha hubomoka. Ule mweusi wa mbugani, kwenye tambarare za chini zinazotuamisha maji, huviringika kama uzi, na ukiupinda huwa pete.

Picha za satelaiti husaidia, lakini zichaguliwe kwa msimu. Mwezi Machi kila kitu ni kijani, na niliwahi kuchora shamba la mikorosho kuwa msitu wa asili, mpaka mzee mwenye shamba akaniambia, "Mwanangu, msitu huu nimeupanda mwenyewe." Tangu siku hiyo hutumia pia picha za Agosti, wakati miyombo, miti ya misitu ya asili ya huku, imepukutisha majani na mikorosho ingali kijani.

Linabaki suala la mpaka. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:250,000, mstari wa nusu milimita hufunika mita 125 za ardhi. Kwenye ukingo wa Newala huuchora bila wasiwasi. Kutoka Mikindani kupanda uwandani, ambako udongo na uoto hubadilika kidogo kidogo, huweka nukta nukta.