Turbini ya upepo kwenye boti ya matanga: ni nini, na hutoa umeme kiasi gani

Turbini ya upepo ya botini ni pangaboi dogo, aghalabu lenye upana wa mita moja na kidogo, linalofungwa juu ya nguzo upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, au kwenye mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma. Upepo hulizungusha, nalo huzungusha jenereta, na umeme hushuka kwa nyaya hadi kwenye betri. Tanga lina kazi yake ya kusukuma chombo. Turbini hulisha taa, redio, GPS, usukani wa kujiendesha na friji, vitu ambavyo vingelazimu mashine iwashwe kila siku kwa ajili yavyo tu.

Kinachowachanganya wanunuzi ni hesabu ya upepo. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane. Tena hakuna pangaboi linaloweza kuvuna nguvu yote: Mjerumani Albert Betz alionyesha kuwa ukomo ni asilimia 59 hivi, na hizi ndogo za boti hupata kama nusu ya hapo. Chukua turbini inayokinga eneo la mita mraba moja. Upepo wa kilomita 18 kwa saa utakupa wati 25 hivi. Wa kilomita 36 kwa saa, wati 200. Chini ya kilomita 10 pangaboi huzunguka kwa madaha na betri haipati kitu. Kwa hiyo zile wati 400 zilizoandikwa kwenye boksi ni za upepo wa kukunja matanga.

Hata hivyo wati 25 si za kudharau. Zikiingia usiku na mchana hufika wati-saa 600, yaani amp-saa 50 kwenye betri za volti 12. Friji ndogo ya boti inaweza kutosheka na hizo kwa siku nzima.

Lakini turbini haiujui upepo wa baharini. Inaujua ule unaopita juu ya sitaha. Tuseme upepo ni wa kilomita 27 kwa saa na unatoka nyuma, nawe unakwenda nao kwa kilomita 9. Pangaboi linapata kilomita 18 tu, na umeme unashuka chini ya theluthi ya ule ambao lingetoa ukiwa umetia nanga. Anayetoka Omani kuja Zanzibar na kaskazi mgongoni atasafiri raha, betri zikisinzia. Akigeuka na kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, kasi ya chombo hujiongeza kwenye upepo na turbini huchangamka. Wapo pia wanaofurahi kuona pangaboi likizunguka siku ya shwari boti ikienda kwa mashine; umeme ule wameshaulipia kwa dizeli.

Ndiyo maana kifaa hiki hufaa zaidi chombo kikiwa kimesimama. Meli ya matanga Fram ya Mnorwe Fridtjof Nansen iliondoka Norwei mwaka 1893 ikikusudia kunaswa na barafu ya Aktiki ili ichukuliwe na mkondo, na haikujinasua hadi 1896. Katika giza la miezi mingi, kinu cha upepo kilichosimamishwa sitahani kilizungusha dainamo na kuwasha taa za umeme, makaa ya mawe yakabaki stoo.

Upepo mkali ndio wenye tija, na ndio wenye hatari. Betri zikijaa huwezi kukata waya tu: pangaboi lisilo na mzigo huongeza kasi hadi likavunjika. Kidhibiti chaji hupeleka umeme wa ziada kwenye rizista ukaishie kuwa joto, na swichi ya breki huunganisha nyaya za jenereta zenyewe kwa zenyewe, ikajizuia. Nguzo nayo iwe ndefu kuliko mkono ulionyooshwa juu. Kelele ni suala jingine. Waulize majirani bandarini.

Kwa pwani yenye jua kama yetu, ningeanza na paneli za sola, kisha turbini kwa ajili ya usiku na mawingu ya masika. Kwa safari ndefu za upepo wa nyuma, mabaharia wengi hushusha turbini nyingine majini, tezini. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, hivyo pangaboi dogo tu linatosha, ingawa chombo hupoteza kasi kidogo.