Plaki Dhaifu Katika Ateri za Moyo: Damu na Picha Zinatuambia Nini?

Swali: Nimeambiwa ateri yangu ya moyo imebanwa kwa asilimia 40 tu. Kwa nini daktari bado ana wasiwasi?

Plaki ni rundo la mafuta, seli na kovu linalojijenga ndani ya ukuta wa ateri, na hatari yake haipimwi kwa ukubwa peke yake. Ni kama jipu: ambalo ngozi yake bado ni nene hukaa siku nyingi, ilhali lililoiva hupasuka kwa kuguswa kidogo. Plaki dhaifu ina kiini kikubwa cha mafuta kilichofunikwa na utando usiozidi mikromita 65, unaokaribia unene wa unywele mmoja. Utando huo ukichanika, damu huganda juu yake, na ateri iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuziba kabla ya adhuhuri. Mashambulio mengi ya moyo huanzia kwenye plaki ambazo hazikuwa zimeibana sana ateri.

Swali: Je, kuna kipimo cha damu kinachoitambua plaki hiyo?

Kipimo kimoja cha namna hiyo hakipo, hata kama matangazo yanadai vinginevyo. Troponini, protini ya misuli ya moyo, hupanda katika damu misuli hiyo inapokuwa imekwisha kuumia. Hiyo ni habari ya nyumba iliyokwisha kushika moto. CRP, protini inayotengenezwa na ini, huonyesha mchochota, yaani mwili kuwaka kwa ndani, na ikizidi miligramu 3 kwa lita huashiria hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Lakini CRP haisemi mchochota uko wapi: mafua, malaria au fizi zilizooza huipandisha vilevile, kwa hiyo haifai kupimwa ukiwa mgonjwa, na ikivuka 10 hutafutwa kwanza maambukizi.

Hata hivyo, mchochota si shahidi tu. Katika utafiti wa CANTOS wa mwaka 2017, dawa ya kanakinumabu, ambayo haishushi kolesteroli, ilipunguza mashambulio ya moyo kwa kutuliza mchochota, ingawa vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka kidogo.

Swali: Na picha je?

Picha ya CT ya ateri za moyo, inayopigwa baada ya kudungwa dawa ya rangi, huonyesha mafuta mengi ndani ya plaki, ukuta uliotanuka kwa nje na vitone vya chokaa, yaani kalsiamu iliyojikusanya. Utando wenyewe ni mwembamba mno kwa CT. Huonekana kwa OCT, katheta (mrija mwembamba) inayopiga picha kwa mwanga ndani ya ateri na kutofautisha vitu vya mikromita 10 hadi 20.

Hata plaki ikionekana, hukumu haijatolewa. Utafiti wa PROSPECT wa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 697 kwa takriban miaka mitatu: kati ya plaki zenye utando mwembamba, zilizoleta tatizo zilikuwa asilimia 4.9 tu. Zile zilizokuwa pia kubwa na zenye njia finyu zilifikia asilimia 18.2.

Swali: Ninatumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, lakini picha mpya inaonyesha chokaa imeongezeka. Je, dawa imeshindwa?

Si lazima. Swali hili huwatia watu hofu bure, hata wengine huacha dawa. Statini hupunguza mafuta ya kiini, huneneza utando na huelekea kuigeuza plaki laini kuwa ngumu yenye chokaa, ambayo haipasuki kwa urahisi. Mwombe daktari akueleze kama sehemu laini imepungua, badala ya kutazama kiwango cha chokaa peke yake.