Gunia la msaada sokoni si ushahidi wa wizi

Picha hii haiishi kwenye magrupu: gunia lenye nembo ya msaada wa Marekani liko sokoni, na chini yake, "Chakula cha wakimbizi kimeibwa!" Wizi wa misaada hutokea, ila nembo peke yake haiuthibitishi. Magunia matupu huuzwa na kujazwa upya mkaa, mahindi, hata dagaa. Familia nazo huuza sehemu ya mgao zipate sabuni na chumvi. Tazama mshono: wa kiwandani au wa mkono? Kilichomo kinalingana na maandishi? Nembo huchapishwa kubwa makusudi; sheria ya Marekani ya 1961 inataka misaada yake ng'ambo itambulike. Nembo inasema nani alitoa, haisemi gunia limepitia wapi. Kama huna zaidi ya picha, tafadhali usiisambaze.