Podikasti ya darasani: maana yake na namna watoto wa shule ya msingi wanavyoitengeneza

Podikasti ya darasani ni mfululizo wa vipindi vifupi vya sauti ambavyo wanafunzi wenyewe huvitunga, huvirekodi na kuwapelekea wasikilizaji wasiokuwamo darasani, wakiongozwa na mwalimu wao. Kila sehemu ya maelezo hayo ina uzito wake. Ni mfululizo, kwa sababu sauti iliyorekodiwa mara moja siku ya sherehe ya shule kisha ikasahaulika hubaki ukumbusho tu. Hutungwa na wanafunzi wenyewe, kwa sababu mwalimu akijirekodi akieleza hesabu, hilo ni somo lililorekodiwa, nalo ni jambo jingine. Na huwafikia wasikilizaji wasiokuwamo, kwa sababu hao ndio wanaoibadilisha kazi yote.

Podikasti kwa jumla zilianza kuitwa kwa jina hilo mwaka 2004, na mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikaziingiza katika programu yake ya iTunes, zikaenea. Tofauti yake na redio iko katika njia ya kumfikia msikilizaji. Watoto wa Lubumbashi wanaijua redio: Radio Okapi peke yake imekuwa ikirusha matangazo nchini Kongo tangu mwaka 2002, kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Redio hutangaza kwa saa yake, na asiyeiwasha saa ile hupitwa. Podikasti ni faili ya sauti inayohifadhiwa na kusikilizwa wakati wowote, na wenye intaneti ya kutosha hujiandikisha kwa njia ya orodha ya kikompyuta iitwayo RSS, ambayo huiarifu simu ya msikilizaji kila kipindi kipya kinapotolewa.

Wataalamu wengine husema kwamba bila RSS hakuna podikasti. Kwa shule ya msingi ya Katuba au Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, naona sharti hilo halina maana kubwa. Kipindi kinaweza kutumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, kikapita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, au kikawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kuchezwa katika darasa la jirani, na bado kikawa na yale yanayohitajika kwa elimu: mtungaji mtoto, kipindi kinachofuatwa na kingine, na msikilizaji wa kweli.

Msikilizaji huyo ndiye kiini cha jambo. Tuchukue wanafunzi wa darasa la nne wanaotaka kueleza jinsi vinkubala, yaani viwavi vinavyoliwa, vinavyouzwa sokoni. Mtoto akisimama mbele ya wenzake atasema, “Mama anaviweka hapa, anafanya hivi, halafu anamimina,” na wote watamwelewa, kwa sababu wanaiona mikono yake na soko wanalijua. Mtu wa mji mwingine, tuseme Kolwezi, anayeisikia sauti hiyo hataona kitu. Hapo mtoto analazimika kutafuta maneno: vinkubala vilivyokaushwa vimetandazwa juu ya nini, vina rangi gani, muuzaji anavipima kwa kipimo gani, meka, yaani kopo la kupimia, inajazwa hadi ukingoni au inafanywa kilima. Mazoezi mengi ya insha hukosa nguvu hiyo, kwa kuwa mwanafunzi anajua kwamba msomaji wake ni mwalimu peke yake, na mwalimu anayajua yote tayari.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko simu. Mwaka 1924, huko Bar-sur-Loup nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet aliingiza mtambo mdogo wa kupiga chapa darasani, wanafunzi wake wakawa wanachapa maandishi yao wenyewe, na baadaye wakabadilishana na watoto wa shule nyingine. Mtoto aliyejua kwamba maneno yake yatasomwa na mwenzake wa mbali aliyasahihisha bila kusukumwa. Podikasti inalifanya jambo lilelile kwa sauti.

Kazi ya mwalimu huanza kwa kulipunguza somo. Kikundi kikija na mada ya “mazingira ya Lubumbashi”, hakitafika popote. Kikiulizwa ni nani anayechukua taka za mtaa wao na zinapelekwa wapi, kitakuwa na kipindi. Swali likishapatikana, wanafunzi huandaa maswali ya kumhoji mtu anayejua, na hapa ndipo msaada unapohitajika zaidi, kwa sababu watoto hupenda maswali ya kujibiwa “ndiyo” au “hapana”. Mwalimu awafundishe kuuliza “vipi”, “kwa nini” na “ilikuwaje”, kisha wanyamaze na kumngoja mzee amalize. Kunyamaza huko ni kugumu hata kwa watangazaji wa mshahara.

Je, mtoto aandike kila neno? Akiandika yote, atasoma kwa sauti ileile ya kukariri ambayo kila mwalimu anaijua. Asipoandika chochote, atapotea katikati ya sentensi ya pili. Njia ya kati inafaa zaidi: salamu ya mwanzo na maneno ya kufunga yaandikwe kamili, na sehemu ya kati iwe na vidokezo vichache kwenye karatasi. Jambo moja tu mwalimu asilifanye, nalo ni kuwaandikia. Wasikilizaji hutambua mara moja sentensi ya mtu mzima katika kinywa cha mtoto wa miaka tisa.

Suala la lugha huwasumbua walimu wengi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inazitambua lugha za taifa katika kufundishia. Hata hivyo, Kiswahili kinachosemwa mtaani Kamalondo, hapo Lubumbashi, sicho kinachoandikwa vitabuni, na bibi anayehojiwa hatasema kwa sarufi ya vitabu. Mahojiano yaachwe jinsi yalivyosemwa, na mtoto anayetangaza aeleze kwa Kiswahili sanifu au kwa Kifaransa yale yatakayompita msikilizaji wa mbali. Kumsahihisha bibi mbele ya simu ni utovu wa adabu, na pia kunaharibu kipindi.

Kuhusu vifaa, simu moja yenye kinasa sauti inatosha. Ishikwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, kidogo kando, ili pumzi isiipige. Chumba kitupu chenye kuta za saruji hutoa mwangwi. Mapazia, nguo au magunia yaliyotundikwa huupunguza. Msimu wa mvua, hasa kati ya Novemba na Machi, bati la paa hushinda kila sauti, kwa hiyo kurekodi kupangwe asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Simu ichajiwe mapema wakati umeme upo, maana anayengoja saa ya kurekodi atakuta umekatika. Kama shule ina kompyuta, programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, hutosha kukata makosa na kuunganisha vipande. Uzito wa faili nao ni wa kuangaliwa: sauti isiyobanwa yenye ubora wa sidii huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, lakini kipindi cha dakika tano kilichobanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hakifikii megabaiti 3, na mzazi anayenunua mega kidogo kidogo ataweza kukipokea.

Tangu shule za msingi za serikali zifanywe za bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na haiwezekani wote waseme katika kipindi kimoja. Vikundi vya watoto watano au sita vinapokezana: mmoja anatangaza, wawili wanahoji, mmoja anashika simu, mwingine anasikiliza kelele na kuhesabu muda. Majukumu yabadilike kila kipindi, la sivyo mwenye sauti nzuri atakuwa mtangazaji mwaka mzima na mwenye haya ataishia kushika simu.

Kabla ya kipindi kutoka nje ya darasa, wazazi na direkta wa shule watoe idhini, na aliyehojiwa akubali kusikika. Majina ya kwanza yanatosha. Anwani ya nyumbani au njia anayopita mtoto kwenda shuleni havitajwi kabisa.

Katika kutoa alama, matamshi na usafi wa sauti visipewe nafasi kubwa. Mwalimu amchukue mtu ambaye hakuwapo, amsikilizishe kipindi mara moja, kisha amwombe aeleze alichoelewa huku kikundi kikimsikiliza. Yale aliyoyaelewa vibaya ndiyo sehemu za kuandikwa na kurekodiwa upya.