Mtoto Anayehema Kisha Kutulia: Ufahamu Ugonjwa wa Joubert

Wazazi huieleza karibu kwa namna moja. Mtoto mchanga amelala, ghafla anaanza kuhema haraka haraka kama aliyetoka mbioni, kisha pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, halafu inarudi. Saa moja baadaye, vilevile.

Wodini tunaanza na mapafu, na ni sahihi. Nimonia na maambukizi ya damu ndiyo yanayowapata wengi, lazima yatafutwe kwanza. Picha ya kifua ikiwa safi na damu haina shida, ndipo tunapanda juu, kwenye shina la ubongo. Sehemu hii, inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, ndiyo inayoongoza pumzi, kumeza na miondoko ya macho bila sisi kuifikiria.

Ugonjwa wa Joubert ni hitilafu ya kuzaliwa nayo ya shina hilo na ubongo mdogo wa kisogoni. Ulielezwa mwaka 1969 na Dkt. Marie Joubert wa Montreal, Kanada, aliyeuona kwa ndugu wanne wa familia moja. Ni nadra: hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 80,000 hadi 100,000. Kipimo kinachouthibitisha ni MRI, picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Kiungo cha kati cha ubongo mdogo huwa hakikukua au hakipo kabisa, na mafungu ya nyuzi zinazouunganisha na shina huwa manene na marefu, hata picha ikatoa umbo la jino la gego, mizizi na yote. Ultrasaundi ya utosini inaweza kuikosa alama hiyo.

Dalili nyingine ni mwili kulegea na macho kuchezacheza. Kukaa na kutembea huchelewa sana, na wengine hawafiki huko. Hakuna dawa ya kuurekebisha ubongo, ila vipindi vya pumzi kukatika mara nyingi hupungua mtoto anavyokua, na mazoezi tiba yakianza mapema husaidia.

Chanzo ni hitilafu ya jeni, na jeni zinazojulikana ni zaidi ya 30. Hizi hutengeneza silia, vijinywele vya seli ambavyo figo, ini na retina ya jicho navyo huvitegemea. Kwa hiyo usiridhike na daktari wa ubongo peke yake. Mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa sana na kupauka, figo zipimwe, tena zipimwe kila mwaka hata kama hana dalili.

Kwa kawaida baba na mama wote wamebeba jeni yenye hitilafu bila kuugua, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Ndoa za mabinamu huongeza uwezekano. Mama asisakamwe kwamba hakumeza vidonge vya foliki: hivyo hukinga mgongo wazi, si ugonjwa huu.

Mtoto huyu akihitaji upasuaji, hata wa kung'oa jino, mtaalamu wa nusukaputi aambiwe mapema. Dawa za usingizi, na za maumivu za kundi la mofini, zinaweza kumkatisha pumzi kirahisi kuliko wenzake, hivyo hufuatiliwa kwa mashine hata akishazinduka. Jina la ugonjwa liandikwe ukurasa wa mbele wa kadi yake ya kliniki, kwa herufi kubwa.