Kutoa themostati hakuponyi gari linalochemsha

"Bosi, hiyo themostati toa tu, ni ya nchi za baridi." Sentensi hiyo inazunguka gereji hadi gereji, na watu wanaofufua Peugeot 504, Land Rover Series III au Datsun 1200 uani kwao wameipokea kama sheria. Ndiyo maana gari la zamani likiletwa kwa kuchemsha, mara nyingi ukifungua kifuniko cha themostati (kivalvu kinachoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakishapata joto) unakuta patupu. Fundi wa kwanza aliitoa, wa pili hakuuliza iko wapi, na mwenye gari ameshabadilisha wota pampu, hosi na hedi gasketi bila nafuu yoyote.

Tuelewane kuhusu kazi ya kifaa hiki. Themostati inaamua injini isiwe ya baridi kupita kiasi. Kiwango cha juu cha joto kinaamuliwa na rejeta, feni na maji. Iliyochongwa 82 inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na kwenye 95 imefunguka yote. Kuanzia hapo hesabu kama haipo. Kwa hiyo gari likichemsha wakati themostati ni nzima, rejeta imezidiwa. Ukiitoa, umeongeza dakika chache kabla ya maji kuchemka, basi. Watu wanaziona dakika hizo wanadhani wamepata dawa.

Madhara yanakuja polepole, ndiyo maana hakuna anayeyahusisha na kosa lenyewe. Alfajiri, barabara iko wazi, injini inatembea kwenye nyuzi 60. Petroli haigeuki mvuke vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinalika. Oili nayo haipati joto la kutosha kufukuza unyevu. Fungua kifuniko cha kujazia oili uone ute mweupe kama maziwa yaliyoganda. Hapo mwenye gari anaambiwa hedi gasketi imekufa na maji yameingia kwenye oili, hedi inafunguliwa bure.

Kuna injini ambazo kutoa themostati kunazidisha joto. Injini nyingi zina njia ya mchepuko inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, na themostati zake zina diski ya chini au shati la bati linaloziba njia hiyo injini ikishapata joto. Ukiitoa, mchepuko unabaki wazi safari nzima, na sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani ikiwa ya moto. Ukinunua mpya, linganisha umbo na ya zamani kabla ya kuangalia bei. Ile isiyo na diski itaingia vizuri kabisa, na haitaziba kitu.

Kuipima ni kazi ya robo saa. Ifunge uzi, itundike kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Angalia inapoanza kuachia, kisha inavyojifunga maji yakipoa. Ikikwama wazi au imefungwa, tupa. Walioko Nairobi wakumbuke kwamba maji yao yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo themostati ya 88 haitafunguka yote kwenye sufuria, na hilo si kosa lake. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye pini kwenye ukingo wa themostati kikae juu ili hewa ipite.

Ugonjwa wenyewe utafute hapa. Anza na bolti ya kutolea maji ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini. Ifungue injini ikiwa ya baridi. Kama hakuna kinachotoka, usifurahi: chokonoa kwa waya mgumu mpaka tope la kutu litoke, kisha suuza kwa bomba hadi maji yawe meupe. Tope hilo hujikusanya zaidi kwenye silinda za nyuma, na ndizo zinazozidiwa na joto kwanza. Kisha rejeta. Izime injini ya moto, pitisha mkono karibu na uso wa rejeta. Penye ubaridi pameziba. Rejeta ya shaba inafunguliwa matanki, mirija inazibuliwa kwa fimbo, inachomelewa tena kwa risasi. Dawa ya kuzibia uvujaji usiimwage humo, maana inaziba na mirija mizima. Hosi ya chini ya rejeta kama imepoteza springi yake ya ndani, hunywea ukikanyaga mafuta. Na taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyochelewa huchemsha gari hata kama kila kitu cha maji ni kipya.

504 ina jambo lake. Feni yake ya asili inashikwa na sumaku ya umeme inayowashwa na swichi ya joto kwenye rejeta. Kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo ikilika au waya ukikatika, feni inazunguka kivivu bila kuvuta hewa, na gari linachemsha kwenye foleni tu. Fundi akiona hivyo anakimbilia themostati. Badilisha kaboni, jaribu swichi, mambo yameisha.

Kifuniko cha rejeta nacho kina namba. Cha psi 7 (psi ni kipimo cha presha) kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 111 hivi usawa wa bahari, cha 13 hadi karibu 119. Usiweke kikali kuliko cha asili, mshono wa rejeta ya zamani utaachia. Maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi, yanakula hedi ya aluminiamu ya 504 kuzunguka matundu ya maji. Weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

Madai mengine ya gereji nitayapitia haraka.

Eti Volkswagen Beetle haina themostati kwa kuwa inapozwa na hewa. Inayo, chini ya injini, inaendesha vilango vya hewa. Lakini kinachoua Beetle nyingi ni mabati ya kuzunguka injini na mpira wake kutupwa wakati wa kupiga rangi. Bila hivyo, feni inavuta hewa ya moto ileile iliyotoka chini.

Eti petroli isiyo na risasi inaua kila injini ya zamani. Hedi ya aluminiamu ina siti za valvu (pale valvu zinapokalia zikifunga) za chuma kigumu zilizopachikwa, haina wasiwasi. Ya chuma cha kuyeyusha isiyopachikwa siti, pima nafasi ya valvu za ekzosti. Ikizidi kupungua kila unapopima, siti zinazama. Pachika ngumu utakapofungua hedi kwa sababu nyingine.

Eti puti ya kusawazisha bodi inazuia kutu. Puti inanyonya maji. Kata bati hadi penye chuma cheupe, chomelea kipande, piga praima ya epoksi, kisha puti isizidi milimita 3.

Eti ukiweka breki za diski mbele badala ya ngoma umemaliza. Masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) ya breki za ngoma huwa na kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye mabomba. Presha hiyo inafanya pedi za diski zisiachie, magurudumu ya mbele yanaungua. Kitoe kwenye njia ya mbele au tafuta masta inayolingana.

Eti tairi lenye meno marefu ni zima. Gari la uani linatembea kidogo, meno hayaishi, mpira unazeeka. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikikosekana namba hizo upande wa nje, ingia chini ya gari usome upande wa ndani.